Kipimo cha toksoplasma kimesoma chanya nikiwa na mimba ya wiki 14

Swali la msomaji:

"Shikamoo daktari. Nina ujauzito wa wiki 14. Ni mimba yangu ya pili. Ya kwanza iliharibika mwaka jana ikiwa na wiki 9. Safari hii nimepimwa damu na majibu ya toksoplasma yamerudi hivi: IgG chanya, IgM chanya. Aliyenisomea majibu alisema ni ugonjwa wa paka, na kwamba mtoto anaweza kuzaliwa haoni au na maji kichwani. Nyumbani tuna paka, mwaka wa sita huu. Mama mkwe anataka aondoke leo hii. Jirani yangu ananishauri, najua kwa nia njema, niitoe mimba kabla haijakua. Mimi siumwi popote. Je, mtoto ameshaambukizwa? Ndicho kilichoitoa ile mimba ya kwanza? Naomba unijibu, sipati usingizi."

Jibu:

Marahaba, dada. Naanza na hilo linalokunyima usingizi. Karatasi uliyopewa haisemi kwamba mtoto ameambukizwa. Haisemi hata kwamba wewe mwenyewe umeambukizwa ukiwa mjamzito. Inachosema ni kwamba wakati fulani maishani mwako kimelea hiki kiitwacho toksoplasma kiliingia mwilini na mwili ukakitambua. Inakadiriwa kuwa karibu theluthi moja ya watu duniani wamewahi kukutana nacho, na wengi wao watazeeka bila kujua.

Tunachokitafuta sasa ni tarehe. Ikiwa kimelea kiliingia miezi mingi kabla hujashika mimba, basi mwili wako umeshajenga kinga, na kinga hiyo ndiyo inayomkinga mtoto, jalada linafungwa. Ikiwa kiliingia baada ya kushika mimba, kuna kazi ya kufanya, na njia ya kuifanya inajulikana. Majibu yako hayajatuambia uko upande upi. Kwa hiyo usiamue lolote kuhusu mimba kwa kutumia karatasi hii, na jirani akirudi na ushauri wake mwambie daktari amesema bado hakuna jambo la kuamulia.

Nikueleze jinsi majibu haya yanavyosomwa, maana hapa ndipo watu wengi hupotezwa. IgM na IgG ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kimelea. IgM ni ya haraka. Huonekana ndani ya takriban wiki moja baada ya maambukizi. IgG hufuata wiki moja au mbili baadaye, hupanda kwa mwezi mmoja hadi miwili, kisha hushuka kidogo na kubaki maisha yote. Kwa nadharia basi IgM ingekuwa alama ya ugonjwa mpya. Tatizo ni kwamba IgM ya toksoplasma haina haraka ya kuondoka. Kwa baadhi ya watu hudumu miezi mingi, hata kupita mwaka, na mara nyingine kipimo husoma chanya wakati IgM hiyo haipo kabisa. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa madaktari: wasitegemee kipimo cha IgM peke yake kusema kwamba mjamzito ameambukizwa karibuni. Miaka imepita, vipimo vimeboreshwa, lakini tahadhari ile bado ina kazi.

Mama ambaye IgG na IgM zote ni hasi hajawahi kukutana na kimelea, na huyo ndiye wa kujilinda zaidi ya wote, ingawa cha ajabu ndiye anayetoka kliniki akitabasamu. Mwenye IgG chanya na IgM hasi katika miezi ya mwanzo ya ujauzito ana maambukizi ya zamani. Huyo anaweza kulala. Mwenye IgM peke yake hurudia kipimo baada ya wiki mbili au tatu: IgG ikitokea, maambukizi ni mapya kweli, isipotokea, IgM ile ilikuwa ya uongo. Wewe una zote mbili, na hilo ndilo fungu gumu kulisoma, kwa sababu linawachanganya walioambukizwa mwezi uliopita na walioambukizwa mwaka juzi.

Kuwatenganisha kuna kipimo kinaitwa aviditi, yaani nguvu ya mshiko wa IgG. Mtu anayeshika jembe kwa mara ya kwanza, mpini humteleza. Akilima msimu mzima, mkono unazoea na mshiko unakaza. IgG nazo ndivyo zilivyo. Zile za wiki za mwanzo humshika kimelea kwa ulegevu, na kadiri miezi inavyopita mshiko unakaza. Maabara huziweka zikamatane na kimelea, kisha huziosha kwa kemikali, kwa kawaida urea, na kuangalia ni ngapi zimeachia. Zikiachia kwa wingi, aviditi iko chini. Ziking'ang'ania, iko juu.

Aviditi ya juu ni habari njema na ya kuaminika: maana yake maambukizi yana umri wa angalau miezi mitatu au minne, kutegemea kipimo kilichotumika. Wewe una wiki 14 zikihesabiwa tangu hedhi ya mwisho, yaani mimba yenyewe ilitungwa kama wiki 12 zilizopita. Majibu yakija na aviditi ya juu, maambukizi yalitokea kabla ya mimba kutungwa. Ukiona nasisitiza kwamba kipimo kifanyike wiki hii, sababu ni hiyo hesabu. Kipimo kilekile kikifanywa ukiwa na wiki 30 na kikasoma juu, kitatuambia tu kwamba hukuambukizwa katika miezi mitatu au minne iliyopita, na wiki za mwanzo za mimba zitabaki gizani.

Aviditi ya chini, kwa upande wake, haithibitishi kitu. Kuna watu ambao mshiko wa IgG zao hubaki legevu zaidi ya mwaka. Kwa hiyo ikirudi chini usianze kulia. Itakuwa imeshindwa kukupa nafuu, basi. Hapo tunachukua damu nyingine baada ya wiki mbili au tatu na kuipima pamoja na ile ya kwanza, siku moja, mashine moja. IgG ikiwa imepanda sana, maambukizi ni mapya. Ikiwa imetulia palepale, yana siku nyingi. Kupima damu ya pili kwenye maabara tofauti na kulinganisha namba ni kujidanganya, kwa kuwa kila kipimo kina vizio na viwango vyake.

Na kuna jambo ambalo lingeweza kumaliza habari hii leo jioni. Mwaka jana mimba ilipoharibika, hukupimwa damu? Mara nyingi wanawake hupimwa mlolongo wa vipimo baada ya tukio kama hilo. Tafuta makaratasi yote. Ikiwa IgG ya toksoplasma ilikuwa chanya tangu wakati ule, maambukizi ni ya zamani na hatuhitaji aviditi wala kitu kingine. Hata kama hukupimwa toksoplasma, uliza kama kuna damu yako iliyohifadhiwa. Baadhi ya maabara kubwa hutunza sampuli kwenye barafu kwa miezi.

Wafaransa walitatua suala hili la tarehe kwa njia ya moja kwa moja. Kule kupima kinga ya toksoplasma mwanzoni mwa ujauzito kumekuwa sehemu ya utaratibu tangu miaka ya 1980, na tangu 1992 mama asiye na kinga hurudia kipimo kila mwezi mpaka ajifungue. Siku IgG inapogeuka chanya, wanajua imetokea mwezi gani. Uingereza haiwapimi wajawazito wote, na wataalamu wake wana hoja zao kuhusu gharama na hofu isiyo na msingi. Mimi sibishani na upande wowote. Ninacholalamikia ni utaratibu wa tatu, ule uliokukuta wewe: kupimwa mara moja, katikati ya njia, bila mpango wa kufuatilia, kisha kuachiwa neno "chanya" uende nalo nyumbani.

Sasa tuseme vipimo vimeonyesha kwamba kweli umeambukizwa ukiwa na mimba hii. Nini hufuata? Kimelea huzunguka kwenye damu ya mama kwa muda kabla kinga haijakibana, na katika muda huo kinaweza kufika kwenye kondo la nyuma na kupenya. Uwezekano wa kupenya hutegemea sana umri wa mimba. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, uliojumlisha takwimu za akina mama waliofuatiliwa katika nchi mbalimbali, ulikuta kwamba mama akiambukizwa akiwa na wiki 13 uwezekano wa kumfikia mtoto ni kama asilimia 15; wiki 26, asilimia 44; wiki 36, asilimia 71. Kondo linapokua na damu nyingi zaidi kupita humo, mlango unazidi kuwa mpana.

Madhara yenyewe, hata hivyo, yanakwenda kinyume na namba hizo. Mtoto anayefikiwa mapema, wakati ubongo na macho vinaanza kujengwa, ndiye anayeumia zaidi: mimba inaweza kutoka, au akazaliwa na maji kichwani, madoa ya chokaa kwenye ubongo na makovu kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Anayefikiwa mwishoni mara nyingi huzaliwa mzima machoni pa kila mtu, ila macho yake yanapaswa kufuatiliwa kwa miaka, kwa kuwa kovu la retina linaweza kujitokeza utotoni au hata ujanani. Kwa umri wa mimba yako, basi, hata tukikubali lile baya zaidi kwamba umeambukizwa majuzi, uwezekano mkubwa ni kwamba mtoto hajafikiwa. Aliyekutajia upofu na maji kichwani hakusema uongo. Alikutajia mwisho wa barabara bila kukuonyesha njia panda zote zilizopo kabla ya kufika huko.

Kutoumwa kwako hakutusaidii kuamua. Watu wengi wenye afya nzuri hawahisi kitu wanapoambukizwa. Wachache hupata tezi zilizovimba shingoni, uchovu na homa kidogo, mambo ambayo mjamzito yeyote angeweza kuyasingizia ujauzito.

Kujua kama mtoto amefikiwa kuna njia. Huchukuliwa maji kidogo kutoka kwenye chupa ya uzazi kwa sindano, kwa kuongozwa na picha ya ultrasaundi, yakapimwa kwa PCR kutafuta vinasaba vya kimelea. Hili hufanywa baada ya wiki 18 za ujauzito, na angalau wiki nne tangu maambukizi yakadiriwe kutokea. Ukiharakisha, kimelea huenda bado kiko kwenye kondo, hakijamfikia mtoto, na majibu yatakupa faraja isiyo ya kweli. Sindano yenyewe ina hatari ndogo ya kutoa mimba, kwa hiyo haipendekezwi kwa mama ambaye aviditi yake ni ya juu. Sambamba na hilo hupigwa ultrasaundi takriban kila mwezi, kuangalia vyumba vya maji kwenye ubongo, madoa ya chokaa, ini na ukuaji. Picha safi inatia moyo sana, ingawa haioni kovu dogo la jicho.

Dawa zipo. Ya kwanza kutumika katika miezi ya mwanzo ni spiramaisini, kwa kawaida gramu 1 mara tatu kwa siku. Dawa hii hujikusanya kwenye kondo na haivuki vizuri kwenda kwa mtoto. Kazi yake ni kujaribu kuziba mlango, siyo kumtibu aliyekwisha kuingia ndani. Nikwambie ukweli, wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani inazuia. Ule uchambuzi wa 2007 ulipata dalili, tena dhaifu, kwamba matibabu yakianza ndani ya wiki tatu tangu maambukizi yanazuia vizuri zaidi kuliko yakichelewa wiki nane na kuendelea. Kwa kuwa ni dawa ambayo wajawazito huivumilia vizuri, madaktari wengi huianza wakati maambukizi yanapodhaniwa kwa nguvu, huku wakisubiri vipimo. Muulize daktari wako anaonaje kwako. Ila hakikisha damu ya aviditi imechukuliwa kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kwa sababu matibabu yanaweza kuchelewesha kukaza kwa mshiko na kutuvurugia hesabu.

Ikithibitika mtoto amefikiwa, au maambukizi yakitokea mimba ikiwa imekua, hutumika pirimethamini pamoja na salfadiazini na asidi ya foliniki. Hizi zinavuka hadi kwa mtoto. Pirimethamini haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza kwa kuwa inaweza kuharibu maumbile ya kijusi, na baadaye pia inabana utengenezaji wa damu, hivyo damu ya mama hupimwa mara kwa mara. Hapa kuna kosa ambalo nimeshalisahihisha zaidi ya mara moja: asidi ya foliniki inayoambatana na dawa hizi siyo asidi ya foliki unayopewa kliniki. Majina yanafanana kama mapacha. Foliki kwa wingi inaweza kuipunguzia pirimethamini nguvu, na haichukui nafasi ya foliniki. Mama anayeanzishwa matibabu haya aonyeshe kila kidonge anachomeza. Wewe kwa sasa hujafika huko, endelea na foliki yako kama ulivyoelekezwa.

Kuhusu ile mimba ya wiki 9. Ninaelewa kwa nini umeunganisha nukta hizi mbili, na huenda kuna mtu amekuunganishia. Lakini fikiria: kama toksoplasma ndiyo iliyoitoa mimba ile, basi ulikuwa umeambukizwa mwaka jana, na kama uliambukizwa mwaka jana leo una kinga, na mimba hii haina la kuogopa. Haiwezekani ikawa imeitoa ya kwanza na pia inaitishia ya pili, isipokuwa kwa mama ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika. Sehemu kubwa ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza, karibu nusu au zaidi, hutoka kwa sababu ya hitilafu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, zinazotokea kwa bahati mbaya tangu kutungwa. Toksoplasma haihesabiwi kati ya sababu za mimba kutoka mara kwa mara. Nalisema kwa sauti kidogo kwa sababu wapo wanawake wanaotibiwa mwaka hadi mwaka kwa IgG chanya peke yake, wakiambiwa "bado ipo kwenye damu". Itaendelea kuwepo. Hiyo ni kumbukumbu ya mwili, haifutwi na dawa, na haitakiwi kufutwa.

Nilitaja kinga iliyodhoofika. Mama anayeishi na VVU ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga, ziko chini sana, au anayetumia dawa za kushusha kinga kwa sababu ya figo ya kupandikizwa au ugonjwa mwingine, anaweza kuamshiwa maambukizi ya zamani. Kimelea hakiondoki mwilini. Hujikunja kwenye vifuko vidogo ndani ya misuli na ubongo kikasubiri. Ikiwa mojawapo ya hali hizi inakuhusu, mwambie daktari wako kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mengi niliyoyasema juu ya "jalada kufungwa" yatabidi yapimwe upya.

Sasa paka wenu, ambaye naona kesi yake imesikilizwa bila yeye kuwepo.

Ni kweli kwamba paka, na jamii yake ya wanyama, ndiye pekee ambaye kimelea hiki huzaliana kwa jinsia ndani ya utumbo wake na kutoa mayai kwenye kinyesi. Sayansi yenyewe ilichelewa kulijua hilo. Kimelea kiligunduliwa mwaka 1908 na watafiti Nicolle na Manceaux mjini Tunis, ndani ya mnyama mdogo kama panya wa jangwani aitwaye gundi (hana uhusiano na gundi ya kubandikia), na ndiye aliyekipa kimelea jina lake la pili, gondii. Mwaka huohuo mtafiti Splendore alikiona Brazili ndani ya sungura. Paka hakuhusishwa kikamilifu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwaka 1970. Kabla ya hapo, mwaka 1965, daktari wa Paris Georges Desmonts na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwamba nyama isiyoiva huambukiza, kwa kuwachunguza watoto wa hospitali ya kifua kikuu waliokuwa wakilishwa nyama mbichimbichi kama lishe. Leo utafiti wa namna hiyo usingeruhusiwa.

Sasa angalia kalenda ya paka. Hutoa mayai anapoambukizwa mara ya kwanza, kwa kawaida akiwa mdogo na ameanza kuwinda, na hutoa kwa wiki moja hadi tatu hivi. Baada ya hapo hupata kinga na mara nyingi hatoi tena. Paka wa miaka sita anayetoka nje yaelekea alishamaliza zamu yake zamani. Anayekaa ndani na kula chakula kilichopikwa huenda hajaambukizwa kabisa. Zaidi ya hapo, mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kinyesi kinachozolewa kila siku hakijapata muda huo. Na kumpakata paka si njia ya kuambukizwa: hujilamba manyoya muda wote, na mayai hayakomai mwilini mwake.

Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika miji kadhaa ya Ulaya, ukiwalinganisha wajawazito walioambukizwa na wasioambukizwa. Nyama isiyoiva vizuri ilibeba kati ya asilimia 30 na 63 ya maambukizi, udongo asilimia 6 hadi 17, na kuishi na paka hakukuonekana kuongeza hatari. Maji nayo yamo: mwaka 1995 mji wa Victoria nchini Kanada ulipata mlipuko uliohusishwa na maji ya bomba. Mama mkwe anaweza kumfukuza paka leo na bado wewe ukaambukizwa kesho na mboga iliyooteshwa kwenye udongo ambao paka asiyejulikana alipita mwaka jana, maana mayai yale huishi kwenye udongo wenye unyevu kwa mwaka na zaidi. Paka abaki. Kinyesi azoe mtu mwingine, kila siku. Kama hakuna mwingine, vaa glavu na nawa mikono kwa sabuni. Asilishwe nyama mbichi, na msilete paka mtoto mpaka ujifungue.

Hayo mengine yanakuhusu mpaka majibu yarudi, na yanawahusu zaidi wasomaji ambao vipimo vyao vilikuwa hasi. Nyama iive mpaka katikati. Miongozo ya Marekani hutaka nyama ya kusaga ifike 71°C na kuku 74°C, na asiye na kipimajoto asione wekundu wala majimaji yenye damu. Usionje nyama kabla haijaiva. Kuigandisha kwenye -18°C kwa siku kadhaa hupunguza sana hatari, lakini kuikausha, kuitia chumvi au kuifukiza moshi si kinga ya kutegemea, na mikrowevu huacha sehemu mbichi. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi vioshwe kwa sabuni na maji moto kabla ya kugusa matunda. Matunda na mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na zinazomenyeka zimenywe. Maji yasiyo na uhakika yachemshwe, maana klorini haiui mayai haya. Wala dawa ya kung'arishia nguo haiyaui, hata ukiimimina kopo zima. Maziwa ya mbuzi yasinywewe mabichi. Ukishika udongo, vaa glavu.

Mtoto akizaliwa kabla hatujapata uhakika, atapimwa. Fahamu mapema kwamba IgG yake itasoma chanya vyovyote vile, kwa kuwa kingamwili zako huvuka kwenda kwake na huchukua miezi hadi mwaka kuisha. Kinachoangaliwa ni IgM na IgA (kingamwili ya aina nyingine) zake mwenyewe, uchunguzi wa macho, picha ya kichwa, na kama ile IgG inashuka au inapanda kadiri anavyokua. Akithibitika, hutibiwa kwa takriban mwaka mmoja. Utamnyonyesha kama kawaida.

Kwa wiki hii, basi: kusanya makaratasi ya mwaka jana, nenda na haya ya sasa, omba aviditi ya IgG kwenye maabara inayoifanya au inayoweza kutuma sampuli, na muulize daktari wa uzazi kuhusu spiramaisini baada ya damu kuchukuliwa. Akikwambia kipimo cha aviditi hakipatikani, omba IgG irudiwe baada ya wiki mbili hadi tatu kwenye maabara ileile, na uwaombe sampuli ya kwanza isitupwe. Majibu yakirudi niandikie namba zenyewe pamoja na viwango vya maabara vilivyoandikwa pembeni, siyo neno "chanya" peke yake.